Fundi Aliyegeuza Makoti ya Bendi

Mama mdogo hawezi kupita karibu na kitambaa bila kukigusa. Ukimsalimia, mkono mmoja unapokea salamu, na mwingine tayari uko kwenye mkono wa shati lako, kidole gumba na cha shahada vinasugua. Siku moja kwenye foleni ya benki alishika pindo la gauni la mama aliyekuwa mbele yake. Yule mama akageuka akapiga kelele za mwizi, mlinzi akaja mbio.

"Mwizi ni aliyekuuzia hii akakwambia ni pamba," mama mdogo akamwambia.

Wakaishia kucheka, na yule mama sasa ni mteja wetu.

Kazi yake ni ushonaji. Tunashonea chumba cha mbele cha nyumba tunayopanga. Mlango unafunguka barabarani, cherehani mbili ziko dirishani zipate mwanga, na meza ya kukatia imemeza nafasi yote iliyobaki, kiasi kwamba mteja mnene inabidi aingie upande upande. Mimi ni mtoto wa dada yake. Nilikuja kwake nilipoacha shule. Nafumua, napiga pasi, natia vifungo. Mtaa unaniita Kimya, na yeye unamwita Pindo, kwa sababu hakuna aliyewahi kuona pindo lake likifumuka.

Mteja wetu mkubwa ni bendi ya matarumbeta. Wanapiga kwenye harusi, kwenye ufunguzi wa maduka, hata kwenye mazishi ya watu wenye uwezo. Kiongozi wao ni mwanamume mwembamba kama mti wa bendera, mchana anauza mbao, na anapuliza tarumbeta kubwa kuliko yote. Ndiyo maana anaitwa Mapafu. Anayepiga ngoma kubwa anaitwa Kidevu, ila mimi ningemwita Tumbo, maana ngoma yake inalala juu ya tumbo kama mtoto aliyebebwa mbele.

Makoti yao yalikuwa ya rangi ya damu ya mzee. Nasema yalikuwa, kwa sababu jua lilikuwa limeyala mpaka mabegani yakawa kama chai iliyozidi maziwa. Na huko kwenye mashindano ya bendi kuna sheria yao: kabla hamjapuliza hata sauti moja, mkaguzi anapita mbele yenu kuangalia sare. Ikiwa imechakaa, mnatolewa kwenye mstari. Mwaka uliopita bendi yetu ilitolewa. Walirudi kwa miguu, matarumbeta kwapani, na watu waliowajua wakawa wanaangalia pembeni ili wasiwape pole.

Kwa hiyo mwaka huu walichanga. Kila harusi waliyopiga waliweka kitu pembeni, na Mapafu akaja kumkabidhi mama mdogo mchango wote, bahasha ameishika kwa mikono miwili.

"Fundi," alisema, "hii usiione pesa. Hii ni pumzi za watu."

"Nimeelewa, kaka."

"Safari hii wasitutoe."

"Hawatawatoa."

Mama mdogo alianza vizuri. Utepe wa dhahabu wa kupamba kifuani aliununua dukani, kwa mkono wake, akiuvuta na kuutafuna ncha kama kawaida yake. Lakini kitambaa cha damu ya mzee kilikuwa hakitoshi. Duka hili kipande, duka lile kipande, na kila kipande rangi yake. Bendi haiwezi kuvaa damu za wazee tofauti tofauti.

Ndipo akaona ule ukurasa kwenye simu. Muuzaji wa vitambaa wa mji mwingine, picha nzuri, bei ya kuridhisha bila kuwa ya ajabu. Mama mdogo si mjinga. Alimwandikia: sinunui kitambaa nisichokishika. Yule mtu hakubishana. Alituma video.

Nimeiona ile video mara nyingi kuliko nilivyotaka. Ni mkono tu, hauna uso. Ule mkono unakikunja kitambaa ngumi, unakibana, unakiachia, kitambaa kinajinyoosha chenyewe bila mkunjo. Halafu unachomoa uzi mmoja, unauwasha kwa kiberiti, uzi unaungua taratibu na kuacha majivu yanayosagika. Halafu unakivuta upande, unakirudisha. Yaani kila kitu ambacho mama mdogo angefanya dukani, ule mkono ulifanya, kwa mpangilio ule ule.

"Unaona?" aliniambia. "Huyu ni mtu wa kazi. Mtapeli angejua wapi kuchoma uzi?"

Nilikuwa naangalia skrini ya kutuma pesa. Lilikuwa limetokea jina la mtu mwingine kabisa, hata si la jinsia ya muuzaji. Nikalionyesha kwa kidole. Akamuuliza muuzaji, naye akajibu papo hapo: huyo ni mhasibu wetu, mama, usijali. Mama mdogo akabonyeza.

Baada ya hapo ukaja ujumbe kwamba mzigo umezuiwa kituoni, unataka ushuru. Akalipa na huo. Kisha ukaja mwingine, kwamba mzigo umepita uzito. Alipoandika kuuliza uzito gani, wakati kitambaa kilishapimwa, jibu halikuja. Akapiga, simu haipatikani. Akafungua ukurasa, ukurasa haupo. Nikautafuta kwa simu ya jirani yetu fundi viatu, nikaukuta uko pale pale, video ile ile, watu wengine wanauliza bei. Alikuwa amemfungia mama mdogo peke yake.

Alikaa kwenye kiti cha cherehani bila kukanyaga.

"Nilikagua kitambaa," alisema. "Mtu sikumkagua."

Alikwenda polisi, alikwenda ofisi za kampuni ya simu. Kote walimsikiliza, wakaandika, wakamwambia pesa ilishatolewa saa ile ile na laini imezimwa, wakipata chochote watampigia. Hata ile video, askari mmoja alimweleza, inaelekea imeibwa kwa muuzaji wa kweli wa mahali pengine. Mkono ulikuwa wa mtu mwaminifu. Nafikiri hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Siku zile hakugusa mkasi. Alitia vifungo, kazi yangu, na mimi nikakaa bila kazi. Wateja walipoingia alipima miili yao bila kushika nguo zao. Fundi viatu, ambaye kibanda chake kimeegemea ukuta wetu na anasikia kila tunachosema, akaja kumshauri.

"Dada Pindo, waambie mzigo umechelewa. Mizigo inachelewa dunia nzima. Mashindano yatapita, hasira zitapoa."

"Halafu?"

"Halafu utakuwa umebaki na wateja."

"Nitabaki na wateja niliowadanganya," alisema. "Hao unawashonea nini? Kila ukiwapima unaangalia chini."

"Fundi yeyote anaangalia chini akipima suruali."

Hakucheka. Akafunga mtandio, akaniambia, "Kimya, twende."

Bendi inafanya mazoezi nyuma ya ghala la mbao la Mapafu, kwenye uwanja uliojaa unga wa mbao. Tuliwakuta wako katikati ya wimbo. Mapafu alimwona, akainua mkono wakanyamaza.

"Fundi wetu! Umetuletea kitambaa tukione?"

"Sijaleta kitu, kaka. Nimetapeliwa. Mchango wenu wote umekwenda, na nimeutuma mwenyewe, kwa vidole hivi."

Tarumbeta moja lilitoa mlio mfupi, kama limekanyagwa. Kidevu akaweka virungu vyake vya ngoma chini.

"Subiri. Kwa hiyo tumenunua hewa?"

"Hewa tupu."

"Hewa tulikuwa nayo, fundi! Si ndiyo tunayopuliza?"

Wengine wakacheka, kicheko cha kukosa la kufanya. Mapafu hakucheka. Alifuta mdomo wa tarumbeta lake kwa kiganja, akaufuta tena.

"Nilikwambia zile ni pumzi za watu."

"Uliniambia."

"Sasa tukasimame pale na haya? Watutoe tena, watoto wetu wanaangalia?"

Mama mdogo hakujitetea. Nilidhani angeeleza habari ya ule mkono, na uzi uliochomwa, na mhasibu. Hakueleza. Alisimama tu, mikono imening'inia. Kidevu akavua koti lake, akalirusha, likaangukia miguuni pake kwenye unga wa mbao.

"Basi shona hilo!" alisema. "Fanya liwe jipya, si ni fundi wewe?"

Aliinama kuliokota. Akalikung'uta, maana nguo ya mtu haikai chini. Na mkono wake, ambao ulikuwa umelala siku zote zile, ukaanza kusugua. Bitana ilikuwa imechanika kwapani. Kidole kikaingia kwenye mchaniko, kikapotea ndani, kikakaa humo. Nikaona uso wake umebadilika.

"Kimya. Wembe."

Nikampa. Akafumua bitana pale pale, wamesimama wote wanaangalia, akalipindua koti kwenye mwanga.

Ndani, kitambaa kilikuwa damu ya mzee kama siku kilipotoka kiwandani. Jua halikuwahi kufika huko. Lilikula upande wa nje tu, na bitana ikaulinda wa pili miaka yote.

"Nipeni yote," alisema.

"Yote nini?" Mapafu akauliza.

"Makoti. Nayageuza. Aliyenifundisha kazi alikuwa akigeuza makoti ya maofisa wakati vitambaa vilipoadimika. Unafumua kila kipande, ndani unakileta nje, unashona upya. Na ule mchango nitaurudisha kwa kazi: suruali, kofia, mifuko ya ngoma, mpaka mseme basi. Lakini kwenye mashindano mtasimama."

"Fundi," Mapafu alisema polepole, "usituchezee mara mbili."

"Mara ya kwanza sikucheza, kaka. Nilichezewa. Hii ndiyo nacheza mimi."

Mapafu alimwangalia. Halafu akaanza kufungua vifungo vya koti lake mwenyewe.

Kufumua koti si kama kufumua gauni. Koti lina tumbo. Kuna bitana, kuna kitambaa kigumu cha kifuani, kuna mabega ya pamba, na kila kimoja kimeshonwa juu ya mwenzake. Ukiharakisha, wembe unakula kitambaa, na hapa hapakuwa na kitambaa cha kuliwa. Meza ilijaa mikono isiyo na watu. Ndani ya mishono tulikuta karatasi za rangi za harusi, njugu, vijiti vya meno, na pete nyembamba ya shaba ambayo bendi nzima iliikana, hasa wenye wake.

Tulianza na la Kidevu kwa sababu ni kubwa. Likishindikana lina pa kukata. Mama mdogo aliweka kitambaa chenye unyevu juu ya kila kipande na kupitisha pasi, mvuke ukapanda, na vile vitundu vya sindano ya zamani vikajifumba kimoja kimoja. Palipobaki alama alipita juu yake na utepe wa dhahabu. Siku ile alianza kuongea na kitambaa tena, kama kawaida yake. Njoo huku. Usijifanye mgumu. Haya, umeona sasa?

Simu iliita tukiwa katikati ya kola. Mikono yake ilikuwa imejaa pini, akanionyesha kwa kidevu niweke sauti kubwa. Fundi viatu alikuwa mlangoni, gundi mkononi.

"Habari za kazi, mama," sauti ilisema, ya kijana msafi mwenye adabu. "Unaongea na kitengo cha kurejesha fedha zilizoibwa mtandaoni. Tumefanikiwa kumkamata mtu wako."

Fundi viatu akasimama wima.

"Alhamdulillahi," mama mdogo alisema, pini mdomoni. "Na pesa yangu?"

"Pesa yako yote ipo, mama. Iko hapa mbele yangu. Kinachohitajika ni ada ndogo tu ya kufungulia jalada, unaituma kwenye namba nitakayokutajia, na ndani ya dakika chache..."

"Mwanangu."

"Naam, mama."

"Umesema pesa yangu iko mbele yako?"

"Iko hapa hapa."

"Basi kata ada yako humo humo, unitumie inayobaki."

Tulisikia mtu mwingine akiongea kwa mbali, kama wako chumba chenye simu nyingi.

"Mama, mfumo hauruhusu."

"Mwambie mfumo anipigie mwenyewe," alisema. "Na wewe mwanangu, sauti nzuri hivyo, kwa nini usitafute bendi?"

Simu ikakatwa. Fundi viatu alicheka mpaka gundi ikamganda vidole, ikabidi nimletee mafuta ya taa. Mama mdogo akaniambia niandike ile namba, na kabla ya kuendelea na kola akaenda nayo kituo cha polisi. Safari hii hakwenda kulia. Alikwenda kama mtu anayepeleka kitu alichokiokota.

Lile koti la kwanza lilipokwisha, Kidevu alikuja kulijaribu. Akaingia upande upande, akavaa, akajiangalia kwenye kioo, akaanza kufunga vifungo. Mikono ikagombana. Akajaribu tena. Akasimama.

"Fundi. Vitundu vya vifungo viko mkono usio wake."

"Ndiyo. Ukigeuza koti, kushoto kunakwenda kulia. Na mfuko wa kifuani umehama nao."

"Linafunga kike! Mke wangu atasema nimevaa blauzi yake."

"Mke wako angepata blauzi ya ukubwa huo angeifanya pazia."

"Huwezi kuviziba?"

"Ninaweza kuziba. Nikiziba panakuwa na kovu, na mkaguzi ataona kovu. Nikiacha, ataona makoti safi yanayofunga upande wake. Chagua."

Kidevu alijipapasa kifua, pale utepe wa dhahabu ulipopita. Akajigeuza kuangalia mgongo. Rangi ile ilimfanya aonekane kama mtu anayestahili saluti.

"Mkono utazoea," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini. Akatoka nalo, na jua kali lile hakulivua mpaka alipopotea kwenye kona.

Wengine hawakubisha tena. Walikuja mmoja mmoja wakajifunza kufunga vifungo upya, watu wazima wanatoa ulimi nje kama watoto wanaojifunza kufunga kamba za viatu.

Siku ya mashindano tulisimama kwenye uzio pamoja na watu wengine. Bendi zilijipanga uwanjani. Bendi yetu ilikuwa ya katikati, na sisemi kwa sababu ni kazi yetu: jicho lilikwenda kwao lenyewe. Mabega yalikaa. Hakuna pindo lililovutika. Mama mdogo alikuwa ameshika uzio, anawapima kwa mbali, midomo inatembea.

Mkaguzi alikuwa bwana mmoja mwenye miwani, yule yule wa mwaka uliopita. Alipita taratibu. Alipofika kwa Mapafu akasimama, akainamia kifua chake, akashika ncha ya koti.

"Kitambaa kipya," alisema. Yuko karibu na uzio, tulimsikia vizuri. "Kizuri sana. Mmekinunua wapi?"

Mapafu angeweza kutaja duka lolote. Aliangalia mbele, kama askari, nikajua kwamba hataki kusema uongo na hajui kama ukweli utawatoa tena.

"Si kipya!"

Watu wote waligeuka. Alikuwa mama mdogo, amepanda kwenye chuma cha chini cha uzio.

"Si kipya, bwana mkaguzi! Ni makoti yale yale mliyoyatoa mwaka jana! Nimeyageuza!"

Mkaguzi alivua miwani. Akazunguka nyuma ya Mapafu, akafunua mpasuo wa koti, akachungulia ndani, pale palipobaki ukingo mdogo wa rangi ya chai. Akauangalia ukingo, akaangalia nje, akaangalia tena ndani. Akapitisha kidole kwenye mshono mzima kutoka chini hadi kiunoni.

"Nani huyo mama?" aliuliza.

"Fundi wetu," Mapafu alisema, na sauti yake, amini usiamini, ilikuwa kubwa kuliko tarumbeta. "Ndiye anayetuvalisha."

Mkaguzi akarudisha miwani usoni. Akaenda kwa Kidevu, akaenda kwa anayefuata, akapita mstari wote bila kumtoa mtu, akahamia bendi iliyofuata.

Walipata nafasi ya tatu. Mapafu analaumu kijana wa tarumbeta ndogo kwa kuingia mapema. Makoti hakuna aliyeyalaumu.

Deni mama mdogo amelimaliza, mifuko ya ngoma ndiyo iliyokuwa ya mwisho. Polisi hawajapiga simu. Lakini wakati ule pale kwenye uzio, bendi yetu ikijiandaa kupuliza, mwanamke aliyesimama karibu yetu alimvuta mkono na kumuuliza wazo la kugeuza makoti alilitoa wapi. Mama mdogo akamsimulia. Alianza na ile video, akaeleza mkono, uzi, kiberiti, jina la mhasibu, ushuru, uzito, vyote, bila kujipunguzia hata kimoja, na watu wa nyuma wakasogea kusikiliza. Wawili walitoa simu zao kuonyesha kurasa walizokuwa wanakaribia kuzilipa.

"Msitume kitu," aliwaambia. "Njooni kwangu kwanza tuangalie pamoja."

Halafu ngoma ya Kidevu ikapiga, akawanyamazisha wote kwa mkono, akageuka kuangalia watu wake.